Chakula cha Asiyetaka Hewa

Mtamba mnene wa shemeji yangu, hapa Endasak, jioni alichechemea, asubuhi tukamkuta amekufa. Paja limevimba; ukilibonyeza linatoa mlio kama majani makavu. Wazee wakasema ni chambavu. Nami nasema hivyo hivyo, lakini maabara lazima imwoteshe mwenyewe, Clostridium chauvoei.

Na huyu hewa ni sumu kwake. Ukimwotesha mezani kwenye sahani ya kawaida utapata patupu, na patupu ikisomwa "hakuna ugonjwa", basi zizi linakwisha. Mchuzi wa thayoglikoleti upo, rangi yake inageuka waridi oksijeni ikiingia. Mzuri kwa kweli. Mimi bado nachagua nyama ya moyo iliyosagwa ikapikwa: inafyonza oksijeni, na kule chini ya chupa mdudu anastarehe. Mchuzi huo una jina la Muriel Robertson, aliyekuwa Uganda 1911 hadi 1914 akichunguza vimelea vya malale, kabla ya kugeukia bakteria wa majeraha ya askari. (Nani atamwandikia riwaya?)

Kuota huchukua siku. Shemeji nimemwambia asichune, afukie chini sana, achanje waliobaki.