Mlango wa Mtaa wa Granville

Mtaa wa Granville, katikati ya Vancouver, Kanada, una baa, kumbi za muziki na taa za rangi, na humo humo, mlango ukitazama barabara, kuna kituo cha afya cha vijana kiitwacho Foundry. Kinapokea wenye miaka 12 hadi 24, bila malipo. Daktari, mshauri, muuguzi na vijana waliowahi kuwa na matatizo kama ya wanaohudumiwa wako chini ya paa moja, kwa hiyo anayekosa usingizi na anayetumia dawa za kulevya huingilia mlango mmoja.

Daktari mmoja wa hapo alinieleza anavyoanza. Mama akija na mwanawe, huwasikiliza wote wawili, kisha humwomba mama asubiri nje. Kijana huambiwa wazi kuwa maneno yake hayatatoka humo, isipokuwa uhai au usalama wa mtu ukiwa hatarini. Sheria ya jimbo lao humruhusu mtoto anayeelewa matibabu kuyakubali mwenyewe. Maswali huanzia mbali: nyumbani, shuleni, marafiki, usingizi. Baadaye ndipo huulizwa, umewahi kupanda gari la dereva aliyelewa? Huwa unatumia dawa ukiwa peke yako? Hili la mwisho lina uzito pale. Tangu 2016 jimbo limo katika hali ya dharura kwa sababu ya vifo vitokanavyo na dawa zenye fentanili, na aliye peke yake hana wa kumchoma nalokisoni azinduke.

Kwetu Dar es Salaam, kijana akikutwa na kete, kikao huketi kwanza: baba wadogo, shangazi, pengine shehe au mchungaji. Hospitali ikifikiwa, daktari huzungumza na mzazi, mtoto akitazama sakafu. Najivunia Hospitali ya Muhimbili, iliyoanza kutoa methadoni mwaka 2011, mtu akinywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Lakini hiyo ni ya waliokwisha kuzama katika unga. Wa miaka 15 anayevuta bangi kwa sababu hapati usingizi tangu baba afariki, aende wapi? Hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, watu wameigeuza tusi.

Nilimuuliza daktari, kijana akitoka hapa anarudi kwa nani? Akasema ndiyo sababu humwomba ruhusa wamwite mtu mmoja anayemwamini. Nikamfikiria shangazi. Kwetu hahitaji kuitwa, keshafika. Ningependa abaki, ila nusu saa ya kwanza akae kwenye benchi la korido.