SEHEMU YA 9: Kabla hujaongeza RAM, pima kwanza

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Wengi mmeniuliza inboksi kompyuta gani inafaa nyumbani. Nitawaambia jinsi pesa ya sare ya shule ilivyoishia kwenye kompyuta yangu, ili yako isiishie huko.

Kazi yangu iko Handeni, kwetu ni Korogwe. Nilinunua kompyuta ya mtumba ili binti yangu ajisomee na mimi nifanyie kazi zangu za masomo. Ikawa nzito balaa. Unafungua picha, unaenda jikoni kubandika chai, unarudi bado inazunguka. Siku ya mapumziko nikaipeleka Korogwe kwa fundi. Akaifungua, akasema, "Dada, RAM ndogo hii, GB 4. Tukuwekee 8, itapaa." Nikatoa elfu sitini niliyoitunza kwa ajili ya sare za Januari. Nimefika Handeni usiku, nimewasha, yale yale.

Kijana wa jirani anayesomea mambo hayo akaja kuiangalia. Akabonyeza "This PC" kwa kitufe cha kulia cha mausi, akachagua "Properties". Pameandikwa: zilizofungwa GB 8, zinazotumika GB 3.2. "Dada, Windows yako ni ya biti 32. Hata ukiiwekea GB mia, haizioni."

Ngoja niwaeleze kikliniki. Kabati lina mafaili ya watoto wote. Hilo ni diski, ndimo picha zako zinalala. RAM ni meza: hapo zinakaa kadi za wale unaowahudumia sasa hivi. Meza ikiwa ndogo, nesi kutwa anarudisha mafaili kabatini na kutoa mengine, foleni haisogei.

Sasa hiyo biti 32. Tuseme daftari la kliniki lina nafasi ya tarakimu mbili tu za namba ya mtoto, 00 mpaka 99. Watoto mia, basi. Wa mia na moja yupo benchi na mama yake, ila hana namba, haitwi. Mfumo wa biti 32 una namba 4,294,967,296 za kuitia kumbukumbu, na hiyo ndiyo GB 4. Tena namba nyingine huchukuliwa na vifaa vya ndani, kama cha kuonyesha picha, ndiyo maana nikabakiwa na 3.2. Biti 64 haina shida hiyo: Windows 10 Home ya biti 64 inakubali mpaka GB 128. Ubao wa kompyuta yako utagoma kabla hujafika huko.

Dawa ikawa kuweka Windows ya biti 64. Lakini kutoka 32 kwenda 64 hupandishi juu kwa juu, inawekwa upya. Kijana alitaka aanze palepale. Nikamuuliza, "Na picha?" "Zitafutika dada, kama hatujazihamisha."

Moyo ulinipasuka. Mle mna picha ya marehemu mama yangu amembeba binti yangu akiwa na siku nne, pale nyumbani Manundu. Ni hiyo moja tu. Tukanunua flashi kwanza, tukahamisha, nikaifungua kwenye kompyuta yake nikamwona mama kwa macho yangu. Ndipo nikamwambia, haya, anza. Leo GB zote 8 zinaonekana na kompyuta inakwenda vizuri. Binti aliingia Januari na sketi ya mwaka jana, nimeishusha pindo.

Fundi sisemi ni mwizi. Hakupima, na mimi sikuuliza. Sisi hatutoi dozi bila kumweka mtoto kwenye mzani. Kwa hiyo, kabla hujatoa hela:

1. Angalia biti 32 au 64. Kama Windows ni ya 32, hakikisha prosesa yenyewe inakubali 64.

2. Jua kiwango. Windows 7 na Windows 10 zinataka angalau GB 1 kwa biti 32, GB 2 kwa biti 64. Windows 11 inataka angalau GB 4. Hicho ni kiwango cha kuwaka, siyo cha kufanya kazi. Kwa nyumba yenye mtoto anayesoma, tafuta GB 8.

3. Vile vidogo vya mtumba vyenye Windows 7 Starter, mwisho wake ni GB 2.

4. Muulize fundi ubao unakubali RAM ya aina gani na mwisho GB ngapi. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4.

5. Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa matunzo tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyoweza 11 usiitupe. Linux Mint ni ya bure, inawaka na GB 2, na kwa GB 4 inatumika vizuri.

6. Picha kwanza, fundi baadaye.

Tena hiyo ya sita fanya leo, mtoto akilala. Sehemu ya 10 tunarudi kwenye homa za usiku.