Karatasi ya Deni Usiisaini Bado

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenieleza jinsi mteja alivyokutapeli dizeli hapo sheli Morogoro, na picha ya karatasi uliyopewa nimeiona. Nimefanya kazi ofisi ya mishahara miaka mingi, karatasi za namna hiyo nazifahamu. Pole sana, mwanangu. Ila usiisaini bado.

Wameandika kwamba unakubali kusababisha hasara ya shilingi 150,000 na kwamba ikatwe yote kwenye mshahara wako. Hapo unakiri kosa na papo hapo unatoa ruhusa ya kukatwa. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamzuia mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya deni mpaka mfanyakazi akubali kwa maandishi, isipokuwa pale penye amri ya mahakama, tuzo ya usuluhishi, mkataba wa hali bora au sheria nyingine inayoruhusu. Ndiyo maana wanakuharakisha.

Hata ukikubali, mwajiri anatakiwa kwanza akueleze kwa maandishi hasara imetokana na nini, ni kiasi gani na amekipataje, kisha akupe nafasi ya kupinga. Hawezi kudai zaidi ya kilichopotea, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Unalipwa 240,000, kwa hiyo mwisho ni 60,000 kwa mwezi. Na dizeli aliyoondoka nayo yule mteja ni ya 120,000. Hiyo 30,000 iliyobaki, waliyoiita ya "usumbufu", imetoka wapi?

Zaidi ya yote, sheria inataka hasara iwe imetokana na kosa lako. Kutapeliwa peke yake si kosa. Mteja alikuonyesha kwenye simu yake ujumbe wa muamala unaofanana kabisa na wa kweli. Simu inayopokea malipo ya Lipa Namba ya kituo inakaa ndani, mezani kwa meneja wa zamu, na wewe uko kwenye pampu, bodaboda wamekuzunguka wanapiga honi. Ungehakikisha kwa kitu gani? Aliyepanga kazi iende hivyo ni mwenye kituo, na hatari ya mpango huo ni yake. Lakini kama mlipewa agizo kwamba gari lisiondoke mpaka meneja athibitishe, ukalijua na ukalipuuza, niambie ukweli. Hapo utalipa, kidogo kidogo ndani ya robo hiyo, wala sitakutetea ukwepe.

Nimesikia pia wanataka kuwachangisha wenzako wa zamu nzima, na hilo limeniudhi kuliko yote. Aliyekuwa pampu ya pili amekosa nini? Mauzo yakiwa mazuri faida haigawanywi kwa zamu.

Leo hii, kumbukumbu ikiwa bado mbichi, andika maelezo yako: saa, pampu, namba ya gari, nani ulimwita na alikujibu nini. Uliza kama kituo kimekwenda polisi kuripoti na kuchukua RB, yaani namba ya taarifa, na picha za kamera zihifadhiwe kabla hazijafutika. Asiyekwenda polisi akakimbilia mshahara wako hamtafuti mwizi. Usigombane na mtu, wala usiache kazi kwa hasira, maana ukiondoka mwenyewe kudai haki kunakuwa kugumu.

Wakikata bila ridhaa yako, chukua hati ya mshahara uende ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Wakikufukuza, siku ni 30 tu, na wengi wamepoteza haki kwa kungoja kuonewa huruma.

Nimekuandikia rasimu ya barua ya kuomba maelezo ya deni, anayo mama yako. Inakili kwa mkono wako, ipeleke kwa meneja nakala mbili, na nakala yako waigonge muhuri wa kupokelewa mbele yako.

Mjomba wako