MTOTO HUYU HASUMBUI KABISA (Sehemu ya 6)



Tangu sehemu iliyopita nimepata ujumbe mwingi wa swali lile lile: "Nesi, mwanangu ana kipaji, kila nikimrekodi watu wanacheka. Nimfungulie ukurasa?" Leo nakujibu kwa kisa cha kweli cha mtoto wa zamani sana. Kaa vizuri, kama unanyonyesha endelea tu.

Mtoto huyo alizaliwa San Diego, California, tarehe 29 Oktoba 1918. Jina lake Peggy-Jean Montgomery, lakini dunia ilimjua kama Baby Peggy. Ilikuwa enzi ya sinema bubu: picha zinatembea, sauti hakuna. Mwigizaji alipaswa kusema kila kitu kwa uso na mwili.

Alianza kazi akiwa na miezi 19. Ndiyo mama, miezi kumi na tisa! Angekuwa wa kwetu, bado angekuwa anakuja kliniki kupimwa uzito.

Aligunduliwaje? Mama yake alikwenda naye kutembelea studio, na pale mkurugenzi mmoja akamwona. Kilichomvutia si uzuri peke yake. Mtoto aliambiwa akae, akakaa. Baba yake, ambaye alikuwa akipanda farasi kwenye filamu za wachunga ng'ombe, aliamini mafanikio yote ya binti yake yalitokana na utii: ukimwagiza anafanya, haulizi.

Hapo ndipo mimi kama nesi nasimama kidogo. Mtoto wa umri huo kazi yake ni kusumbua. Anamwaga uji, anajitupa chini, anasema hapana hata kwa kitu anachokitaka. Ndivyo anavyojifunza kwamba yeye ni mtu. Mama akiniambia "mwanangu hasumbui kabisa," namfurahia, ila namwangalia mtoto mara mbili.

Kati ya 1921 na 1924 Baby Peggy alicheza filamu fupi zipatazo 150. Saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki. Sasa piga hesabu: mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14, pamoja na usingizi wa mchana. Ukitoa saa za kazi, za kuwa mtoto zimebaki ngapi?

Na kazi yenyewe haikuwa ya kukaa na kutabasamu. Kwenye filamu moja walimshikilia chini ya maji ya bahari mpaka akazimia. Kwenye The Darling of New York ya mwaka 1923 aliachwa atoke mwenyewe kwenye chumba kinachowaka moto. Moto wa kweli, jamani.

Pesa ziliingia. Kulikuwa na midoli yenye sura yake madukani, na mkataba uliotajwa kuwa wa dola milioni 1.5 kwa mwaka. Wazazi walinunua magari, nyumba na nguo za bei. Kwa ajili ya shule ya Peggy na dada yake hawakuweka hata senti. Mwaka 1925 baba aligombana na mtayarishaji kuhusu malipo, mkataba ukavunjwa. Peggy hakuwa ametimiza hata miaka saba, na kwenye filamu alikuwa amekwisha. Wakamhamishia kwenye maonyesho ya jukwaani, mji hadi mji. Mkononi alipewa senti 5 kwa kila onyesho.

Kabla hajavunja ungo, mali yote ilikuwa imekwisha. Miaka ya 1930 alirudi Hollywood akiwa mmoja wa watu wanaopita tu nyuma ya picha.

Nashukuru kisa hakiishii hapo. Alibadili jina akawa Diana Serra Cary, akawa mwandishi wa vitabu vya historia, akazaa mtoto mmoja wa kiume, na uzeeni akapaza sauti kutetea watoto waigizaji. Alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 101. California nayo ilipitisha sheria mwaka 1939 ya kulinda kipato cha watoto hawa, baada ya mwenzake Jackie Coogan kuwashtaki mama yake na baba wa kambo kwa kutumia pesa zake.

Wazazi wake hawakuwa mashetani. Walimpenda, ila walizoea kula kwa jasho lake, na ukishazoea huwezi tena kusikia mtoto anaposema amechoka.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mrekodi mwanao, furahi naye. Lakini:

– Akigeuza uso au akilia, zima simu. Hiyo ndiyo hapana yake.
– Usimwamshe wala kumcheleweshea chakula kwa ajili ya video.
– Akiwa anaoga, anaumwa au anaadhibiwa, usirushe. Atakuja kuwa mtu mzima.
– Ikiingia hata shilingi kwa sura yake, fungua akaunti ya jina lake.

Na siku akigoma kabisa kucheza mbele ya kamera, usimwonee aibu kwa wageni. Mwache agome, yuko salama.

Niambie hapo chini: wa kwako ameshaanza kusema hapana? Ana miezi mingapi? Nitajibu nikitoka zamu.