Cha Juu cha Kitale, Leseni ya Texas

Hapa Texas mimi ni wakala wa nyumba, bado sijawa broka. Kupata leseni nilisoma saa 180, nikafanya mtihani, na hata hivyo siruhusiwi kuuza chochote mpaka broka anikubali kazini chini yake. Komisheni yangu hupitia mikononi mwake. Nikimdanganya mnunuzi, tume ya leseni inaweza kumuuliza yeye alikuwa wapi. Nikitaka kuwa broka, niwe na uzoefu wa miaka 4 na masomo yafike saa 900.

Mweleze hayo kijana anayeuza ploti Kiminini au Kanduyi, kwetu Kenya, atakucheka. Huko mtu huamka broka. Mtaji ni simu na kumjua mwenye shamba, au kumjua anayemjua. Mwenyewe akitaja bei, broka wa kwanza anaweka cha juu, yaani nyongeza yake mwenyewe, wa pili anaongeza chake, na mnunuzi aliye Houston anawalipa wote bila kuwaona. Sheria ya mawakala tunayo tangu 1984, pamoja na bodi ya kuwasajili, lakini sijasikia mtu wa Bungoma akimuuliza broka cheti.

Hata hivyo siwadharau. Trans Nzoia mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na vikundi na kampuni baada ya uhuru, na wapo hadi leo wanaolima ekari zao wakiwa na karatasi ya hisa tu, hati miliki hawana. Ukifanya sachi katika ofisi ya ardhi, hutaambiwa kwamba mke wa pili hajakubali, wala kwamba mpaka ulisogezwa mzee alipofariki. Broka wa kijiji anayajua yote hayo. Shida ni kwamba halazimiki kukuambia, na akinyamaza hakuna aliye juu yake wa kuulizwa.

Tena shamba la kilimo haliuzwi kwa kupeana mkono. Ombi la idhini lipelekwe kwa bodi ya kudhibiti ardhi ndani ya miezi 6 tangu mkataba; bila idhini, mauzo ni batili.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa ughaibuni, mlipe broka, maana ametembea juani. Ila umlipe idhini ikishatoka, na pesa ya shamba ipitie kwa wakili uliyemtafuta wewe, si yule aliyeletwa na broka.