Jicho la Hidaya

Jioni ya tarehe 3 Mei, 2024, kijiweni Mwanjelwa, redio ya muuza chipsi ilitangaza kwamba kimbunga Hidaya kinaikaribia pwani yetu. Washikaji wakacheka. Mbeya na bahari wapi na wapi? Mimi sikucheka. Kaka yangu anavua Mafia, na simu yake haikupatikana tangu asubuhi.

Nyumbani mama akaniuliza, “Huo upepo una nguvu kiasi gani?” Sikuwa na jibu.

Usiku nikawawaza wale Wamarekani ambao kazi yao ni kuingia na ndege ndani ya kimbunga. Wa kwanza, Joseph Duckworth, aliingia tarehe 27 Julai, 1943, karibu na Galveston, Texas, kwa ndege ya mafunzo yenye injini moja. Inasimuliwa kuwa ulikuwa ubishi tu na wenzake. Akatoka salama, halafu akarudi tena humo humo, safari hii na mtaalamu wa hali ya hewa. Mtu na akili zake!

Siku hizi si ubishi. Katika msimu wao, leo inaandikwa ratiba ya kesho: ndege ipi iruke, saa ngapi, kimo gani, saa ngapi iwe ndani ya jicho. Hebu fikiri, ndugu msomaji: unapanga miadi na kimbunga mahali ambapo chenyewe hakijafika! Zipo ndege za upelelezi za jeshi, zipo na za utafiti (moja inaitwa Kermit, jina la yule chura wa televisheni). Mara nyingi wanapita kama mita 3,000 juu ya bahari, wakidondosha vipimo vyenye parachuti ndogo, ambavyo hutuma habari za upepo, joto, unyevu na mgandamizo wa hewa mpaka vinapotumbukia majini.

Bahari yetu haina ratiba hiyo. Kituo cha Réunion, kinachofuatilia vimbunga vya upande huu, hukadiria nguvu zake hasa kwa picha za setilaiti, kwa kutazama mawingu yalivyojikunja. Ni kama daktari anayepima homa akiwa dirishani. Najua, ndege ni ghali, na vimbunga kwetu ni vya nadra. Lakini kamwambie hivyo mama.

Tarehe 4 Hidaya kikafika Mafia, kisha kikafifia. Jumatatu kaka akapiga. Bati zimeng'oka, ngalawa haionekani, yeye mzima. Mama akaninyang'anya simu.

“Mwanangu, upepo ulikuwa na nguvu kiasi gani?”

“Mama, nilikuwa uvunguni. Ningeupimaje?”