Mti Mmoja, Kingo Mbili za Ruvuma

Mto Ruvuma umegawa nchi mbili, lakini haukugawa msitu. Kaskazini, katika wilaya za Liwale na Tunduru, na kusini, katika majimbo ya Cabo Delgado na Niassa nchini Msumbiji, inaota miti ile ile. Mninga huko Msumbiji huitwa umbila, mkongo huitwa chanfuta, na mpingo, ambao Wamakonde wa kingo zote mbili huchonga vinyago, huitwa pau-preto. Historia ya biashara yake ndiyo iliyotofautiana.

Hapo zamani majahazi yalipakia boriti za mikoko katika delta ya Rufiji na kuzipeleka Unguja na Arabuni kuezekea nyumba. Miti mizito ya bara ilisalimika kwa sababu barabara zilikuwa mbovu. Upande wa Tanzania hali hiyo ilibadilika mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, juu ya mto Rufiji. Malori ya magogo yakaongezeka upesi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba China ilikuwa imeandikisha mbao kutoka Tanzania mara kumi zaidi ya zile ambazo Tanzania yenyewe iliandika kuziuza huko. Tofauti hiyo ilikuwa ushuru uliopotea.

Msumbiji ilipata hasara ya namna hiyo hiyo. Sheria ilikataza magogo ya baadhi ya miti bora kutoka nchini kabla ya kupasuliwa, lakini uchunguzi wa mwaka 2013 ulibaini kwamba karibu nusu ya mbao zake zilizoingia China mwaka 2012 zilitoka kwa magendo. Tarehe 1 Januari, 2017, magogo yote yakapigwa marufuku kusafirishwa nje, na mwaka huo huo wakaguzi wakaingia katika yadi za wafanyabiashara na kukamata shehena kubwa. Oktoba 2017 vita vikaanza Cabo Delgado. Askari wa Tanzania walihudumu huko katika kikosi cha SADC, kilichokuwapo kuanzia mwaka 2021 hadi 2024. Penye vita, bwana misitu hawezi kuzunguka porini akahesabu visiki.

Tofauti kubwa imo katika haki ya mwanakijiji. Sheria ya Msumbiji ya mwaka 1999 iliufanya msitu kuwa mali ya dola, na wenyeji wakatengewa asilimia 20 ya ushuru wake. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kumiliki msitu wake na kuuza mbao zake. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji bora, na kuwa vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Mwenye kufaidika na mti ndiye anayekuwa mlinzi wake wa kwanza.

Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia kuvunwa, na lori huupitisha kizuizini kwa dakika chache. Askari aliyesimama hapo, awe wa kaskazini au wa kusini, hana budi kutazama hati ya kusafirishia, kuihesabu shehena, na kuitafuta alama ya nyundo kwenye kila gogo. Akiacha, kazi ya vijiji hivyo vyote itakuwa bure.